Baba ughaibuni: nani anampima, na kwa kipimo gani?

Mwanamume aliyetoka Kigoma, Mombasa au Bukavu akaenda kuishi Ulaya au Marekani hukutana na watu wa aina tatu wanaotaka kujua kama yeye ni baba kweli. Wa kwanza ni afisa wa uhamiaji, anayetaka hati za mshahara na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wa pili ni watu wa nchi anakoishi: mwalimu wa chekechea, muuguzi wa kliniki, ofisi ya ustawi wa jamii. Hao wanataka kumwona kwa macho, wajue kama anafahamu chakula gani kinamdhuru mtoto na mtoto anacheza na nani. Wa tatu ni jamaa zake nyumbani, ambao humjua baba kwa ada ya shule, dawa za bibi na mchango wa msiba. Kila mmoja wao ana haki ya kuuliza. Lakini majibu yote matatu hutoka katika siku ileile ya saa 24, na jibu la mmoja hula muda wa mwingine.

Mazungumzo yetu kuhusu jambo hili mara nyingi huishia kwenye lawama. Upande mmoja unasema wanaume wa majuu wametelekeza familia. Upande wa pili unasema nchi za watu zimewavua wanaume ubaba wao: mke amepewa nguvu, mtoto amepewa namba ya polisi. Yote mawili yanaruka sehemu iliyo muhimu zaidi, yaani namna sheria zenyewe zinavyofanya kazi. Ukizifuata sheria hizo moja baada ya nyingine unaona jambo ninalolishikilia hapa. Mgeni huanza kuwa mwenyeji pale anapolea mtoto hadharani, mchana, katikati ya watu wengine wanaolea. Sheria za uhamiaji, kwa upande wao, humpima kwa pesa, na pesa hizo huzipata kwa kuuza saa zilezile za kulea.

Hesabu ya Uingereza

Uingereza inafaa kuanza nayo kwa sababu hesabu yake iko wazi. Tangu Julai 2012, mtu anayeishi huko akitaka kumleta mke au mume kutoka nje lazima aonyeshe kipato cha chini kilichowekwa na serikali. Kilianza na pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000.

Sasa chukua kima cha chini cha mshahara cha Aprili 2025, ambacho kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Anayefanya kazi saa 37.5 kwa wiki, mwaka mzima, hupata kama pauni 23,800. Hafiki. Ili afike kwa mshahara huo inabidi afanye kazi karibu saa 46 kila wiki, bila kukosa hata wiki moja. Kwa wengi wetu hizo ni zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, kwenye maghala, kwenye usafi wa ofisi; kazi ambazo Watanzania wa huko kwa miaka mingi wameziita kubeba boksi. Na familia ikishafika hesabu haijaisha, maana viza huongezwa baada ya miaka miwili na nusu hivi na kipato hukaguliwa upya. Mtoto amefika, baba yuko zamu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Kama mke ndiye mwenye uraia au ukaazi wa Uingereza na mume yuko Dar es Salaam, kipato kinachohesabiwa katika maombi ya kwanza ni cha mke. Mume anaweza kuwa na biashara nzuri Kariakoo, isihesabiwe. Akiba ya benki inahesabika, lakini bila kipato kingine inatakiwa iwe pauni 88,500.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kuweka kiwango cha kipato si kosa kisheria, ila ikaona kwamba kanuni hazikuwa zimeupa ustawi wa watoto uzito unaostahili. Miaka miwili kabla ya hapo, utafiti ulioagizwa na Kamishna wa Watoto wa England ulikuwa umekadiria kuwa watoto wanaofikia 15,000 waliathirika na sheria hiyo, wengi wakimwona mzazi mmoja kwa Skype tu. Kanuni zikarekebishwa, kiwango kikabaki. Kisha tarehe 11 Machi 2024 wafanyakazi wapya wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani wakazuiwa kabisa kuja na wenza na watoto wao. Nchi iliwataka watu wa kuwalea wazee wake, ikawakataza kuja na watoto wao wenyewe. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Kanuni inayowaumiza akina baba kuliko zote, kwa maoni yangu, ndiyo isiyozungumzwa sana. Mzazi mwenye ukaazi wa kudumu Uingereza ambaye mzazi mwenzake yuko hai na hayupo Uingereza, akitaka kumleta mtoto, kwa kawaida hutakiwa athibitishe kwamba jukumu la kumlea liko juu yake peke yake. Mabaraza ya rufaa yameeleza maana yake: ni nani anayeendesha maisha ya mtoto na kutoa maamuzi yote makubwa, kuhusu shule, afya, dini na mahali pa kuishi. Kutuma pesa peke yake hakutoshi.

Hebu mfikirie mtoto anayeishi kwa shangazi yake Tanga. Ada inatoka London. Shule aliichagua shangazi baada ya kushauriana na babu. Alipougua, mjomba ndiye aliyempeleka hospitali ya Bombo. Mama yake yuko Arusha, huja sikukuu. Kwetu mtoto huyo ana watu, amelelewa vizuri, na baba yake ametimiza wajibu. Mbele ya afisa, kila mtu aliyemsaidia ni ushahidi dhidi ya baba, kwa sababu kila uamuzi uliofanywa na shangazi ni uamuzi ambao baba hakuufanya. Malezi ya ukoo, ambayo sisi tunajivunia, yanasomeka kwenye faili kama kutokuwepo. Ndiyo maana wanasheria wa uhamiaji huwashauri akina baba watunze ujumbe wa simu na barua pepe zinazoonyesha wakiamua: shule hii na si ile, daktari huyu na si yule. Ni ushauri mzuri, japo inasikitisha kwamba mtu alazimike kulifundisha faili lake kusema kile ambacho ukoo mzima unakijua.

Damu, na kile kitanda kinachokijua

Kipimo cha vinasaba ndipo fundo hili linapobana zaidi. Mwaka 2008 Marekani ilifanya majaribio ya vipimo hivyo Nairobi kwa wakimbizi waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao kupitia njia iliyoitwa P-3. Walianza na watu wapatao 500, wengi wao Wasomali na Waethiopia, kisha wakaendelea katika nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwemo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatangaza kuwa ni katika familia chini ya asilimia 20 tu ndipo uhusiano wote wa damu uliodaiwa ulithibitika. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka 2012, safari hii vipimo vikiwa sharti.

Udanganyifu ulikuwepo, na haisaidii kuuficha. Nafasi za kwenda Marekani ziliuzwa na kununuliwa makambini. Lakini waliohesabiwa kuwa hawakuthibitika walikuwa pia watu waliokataa kupimwa na wasiofika siku ya kupimwa. Na kundi kubwa ambalo takwimu haiwezi kulieleza ni la wanaume waliobeba watoto wa ndugu zao. Katika vita vya Kongo, Burundi au Somalia, mtu akifa kaka yake huwachukua watoto, na kuanzia siku hiyo ni wanawe. Hakuna hati ya mahakama. Hata bila vita, baba mdogo na baba mkubwa ni baba. Mwanamume aliyefika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mwaka 1996 akiwa na watoto sita, wawili kati yao wa marehemu kaka yake, akiulizwa una watoto wangapi atasema sita, na hajasema uongo.

Zaidi ya hapo kuna lile tunalolisema wazi: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume, jambo limefungwa, na hekima ya msemo huo ni kumlinda mtoto. Kipimo hulifungua. Kinaweza kumwambia baba, mbele ya mkewe na mbele ya karani wa ubalozi, jambo ambalo wazee wangekufa nalo. Familia imeingia ofisini kuomba kuunganishwa, ikatoka imepasuka. Mtoto wa kambo na mtoto wa kulea wanaweza kukubaliwa kama hali yao imeelezwa tangu mwanzo. Anayewaandika kama wa kumzaa kwa sababu ndivyo anavyowaona ndiye anayeonekana mwongo, na uongo huo huchafua hata maombi ya wale aliowazaa. Kwa hiyo ushauri wa kweli kwa yeyote anayejaza fomu ni huu: andika mtoto wa marehemu kaka, hata kama moyo unakataa.

Ulaya nayo imejifunga kwenye tafsiri finyu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia inamlinda kwanza mke au mume na watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Bibi aliyemlea mtoto miaka kumi, kwa kawaida, hayumo.

Mtoto anapokuwa mlango

Kuna upande ambapo mambo hugeuka, na ubaba ukampa mtu mahali pa kukaa. Tarehe 8 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Ruiz Zambrano, baba kutoka Colombia aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Ubelgiji bila kibali. Watoto wake wawili waliozaliwa Ubelgiji walikuwa na uraia wa nchi hiyo. Mahakama ikasema kumnyima baba ukaazi na ruhusa ya kazi ni kuwalazimisha watoto, ambao ni raia, waondoke Ulaya pamoja naye. Haki ya mtoto ikamvuta baba ndani.

Uingereza ina kanuni inayofanana na hiyo katika sheria yake ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa baadaye: mzazi asiyestahili kufukuzwa kwa makosa ya jinai hatakiwi kuondolewa nchini ikiwa ana uhusiano wa kweli na unaoendelea na mtoto aliye raia, au aliyeishi huko miaka saba mfululizo, na si haki kumtarajia mtoto huyo aondoke. Hapa sheria, pengine bila kukusudia, inamuuliza baba swali lililo sahihi: unamlea? Jibu linatolewa kwa barua ya shule inayosema nani humchukua mtoto saa tisa, kadi ya kliniki, picha, ushahidi wa kocha wa mpira. Mwanamume aliyekuwa akifanya kazi saa 60 kwa wiki ili atume pesa hana barua hizo. Mwenzake aliyefanya kazi nusu siku na kushinda na mtoto anazo.

Marekani haina mlango huo. Mtoto aliyezaliwa pale ni raia tangu siku ya kwanza, lakini hawezi kumwombea baba yake ukaazi mpaka afikishe miaka 21. Ghuba ndiko kugumu zaidi: mfanyakazi wa Falme za Kiarabu anahitaji mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba, ndipo aruhusiwe kuleta familia, na mtoto wa mgeni akizaliwa huko hubaki mgeni hata azeeke. Saudi Arabia ilianza Julai 2017 kutoza ada ya kila mwezi kwa kila tegemezi, riyali 100 kwa kuanzia, ikapanda mwaka hadi mwaka kufikia 400. Mlinzi au dereva kutoka Nairobi au Kampala haingii katika hesabu hizo. Analala bwenini, na ubaba wake uko kwenye simu.

Jambo la kuvutia ni kwamba katika Ghuba hiyohiyo ubaba uliwahi kuwarudishia watu wetu nchi nzima. Familia za asili ya Oman zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi waliofuata baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, walipokewa kwa nasaba. Baadhi yao Kiswahili kilikuwa chepesi kinywani kuliko Kiarabu. Kilichowafanya Waomani ni jina la baba, la babu na la kabila. Huko hakuna aliyeuliza nani alimbadilisha mtoto nepi.

Siku 480 za Sweden

Nchi za Skandinavia zimechukua njia nyingine kabisa, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo wengi wetu huona ubaba wao ukichukua sura ambayo hawakuitarajia.

Mwaka 1974 Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kubadili likizo ya uzazi ya mama kuwa likizo ya wazazi wote wawili. Mwaka huo wanaume walichukua asilimia 0.5 ya siku. Leo wanachukua karibu asilimia 30. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mahubiri. Serikali ilitenga mwezi mmoja usiohamishika kwa kila mzazi mwaka 1995, wa pili mwaka 2002, wa tatu mwaka 2016: baba asipozichukua siku hizo, zinapotea. Kwa sasa kila mtoto ana siku 480 za kulipwa, na 90 kati yake ni za kila mzazi peke yake. Norway ilianza mapema zaidi kutenga sehemu ya baba, wiki nne mwaka 1993, na sasa ni wiki 15. Linganisha na kwetu: sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa baba angalau siku tatu, na ya Kenya ya mwaka 2007 inampa wiki mbili.

Lakini siku hizo hazilipwi sawa kwa wote. Siku 390 hulipwa kulingana na kipato, karibu asilimia 80 ya mshahara, na ili kupata kiwango hicho tangu mwanzo mzazi lazima awe amefanya kazi siku 240 kabla mtoto hajazaliwa. Aliyefika juzi, au aliyekuwa akifanya vibarua visivyoandikwa, hupata kima cha chini cha kronor 250 kwa siku. Na tangu Julai 2017 mzazi anayehamia Sweden na mtoto aliyekwisha kutimiza miaka miwili hupata siku 100 tu kwa mtoto huyo. Aliye kati ya mwaka mmoja na miwili, siku 200. Sababu iliyotolewa ni kwamba likizo ndefu iliwachelewesha wanawake wahamiaji kuingia kazini na kujifunza lugha. Sababu hiyo ina ukweli wake, ila matokeo yake ni kwamba baba mgeni ana muda mchache kuliko jirani yake wa kufanya kitu kinachomfanya jirani yake awe baba machoni pa mtaa.

Na kitu hicho hufanyika wapi? Manispaa nyingi zina sehemu za wazi za watoto wadogo, bure, bila kujiandikisha, ambako mzazi huja na mtoto na kukaa naye. Kuna kahawa, kuna vitu vya kuchezea sakafuni, kuna mwalimu mmoja au wawili. Baba wa Kirundi anakaa chini karibu na baba wa Kisweden ambaye ni mhandisi, na kwa mara ya kwanza tangu afike nchini hawatofautiani kwa cheo, maana wote wawili wana tatizo moja: mtoto halali usiku. Kazini kwake hakuna anayezungumza naye ila kumwelekeza. Darasani, kwenye SFI, yaani masomo ya Kisweden kwa wahamiaji, anasoma na wageni wenzake. Pale sakafuni ndipo anapojifunza Kisweden cha homa, cha meno, cha mvua. Mimi sijui sera yoyote ya kuwajumuisha wahamiaji ambayo imefanya kazi kwa bei rahisi kama hiyo.

Inamgharimu, bila shaka. Kuna mwanamume atakayepigiwa simu kutoka nyumbani saa nne asubuhi, aulizwe yuko wapi, aone haya kusema yuko na mtoto kwenye kigari cha mtoto, mke yuko kazini. Atasema yuko kazini. Haya hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa, kwa sababu mtu huyu amekuzwa akijua mwanamume anayeonekana na mtoto mgongoni mchana ni mwanamume asiye na shughuli. Wengi huivuka haya hiyo wakiona wenzao. Baba mmoja akianza, wa pili hufuata, na hatimaye inakuwa kawaida ya kundi lao, kama ilivyokuwa kawaida kwa Wasweden wenyewe ambao mwaka 1974 walikuwa na haya ileile.

Tangu Julai 2024, mzazi anaweza pia kumhamishia mtu mwingine siku 45, bibi na babu wakiwemo, mradi mtu huyo ana bima ya jamii ya Sweden. Bibi aliyeko Bujumbura hayumo. Bibi aliyefika na kupata ukaazi anaweza kuwemo, na wachache wanalijua hilo.

Fimbo, lugha na nani ana sauti

Sweden hiyohiyo ilikuwa ya kwanza duniani kupiga marufuku adhabu ya viboko kwa watoto, hata nyumbani, mwaka 1979. Baba aliyesoma Tanzania, ambako kanuni za shule bado zinaruhusu hadi viboko vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu, anaingia katika nchi ambako mwalimu akiona alama mkononi mwa mtoto analazimika kisheria kutoa taarifa ustawi wa jamii. Kumbuka pia kwamba Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, kwa hiyo mgongano huu si wa Afrika na Ulaya. Uko hata kati yetu.

Hofu ya watoto kuchukuliwa ni kubwa, na ina mizizi miwili ya aina tofauti. Mmoja ni uvumi: mwaka 2021 na 2022 ilisambaa mitandaoni kampeni iliyodai kuwa Sweden inawateka watoto wa Kiislamu, na serikali ikalazimika kuikanusha hadharani. Mwingine ni wa kweli. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imeitia Norway hatiani mara kadhaa kuhusu namna ilivyotenganisha watoto na wazazi. Hukumu ya Desemba 2021 ilihusu mama wa Kisomali aliyemzaa mwanawe Kenya. Mtoto aliwekwa kwa familia ya Kikristo na kuasiliwa, na mahakama ikaona haki ya mama huyo ya familia, ikisomwa pamoja na uhuru wa dini, imevunjwa. Mzazi anayeogopa hana wazimu. Lakini akikimbia mkutano wa kwanza na maafisa, au akinyamaza, anajiumiza, kwa sababu taarifa nyingi hufungwa baada ya mazungumzo na ushauri. Kinachoandikwa kuhusu baba asiyefika ni kwamba hakufika.

Fimbo ikiondoka, kitu gani kinabaki mkononi mwa baba? Nadhani swali hili limefanywa gumu kuliko lilivyo. Heshima ya baba kwetu haikuwahi kutegemea kiboko peke yake. Ilitegemea kwamba yeye ndiye aliyeijua dunia. Alijua njia ya kwenda shambani, bei ya soko, nani ni ndugu na nani si ndugu. Ughaibuni anayeijua dunia ni mtoto. Baada ya miezi michache ya shule yeye ndiye anayesoma barua ya kodi, anayezungumza na daktari, anayejua basi lipi linakwenda wapi. Mtoto wa miaka kumi anayemtafsiria baba yake matokeo ya vipimo vya hospitali ameshika mamlaka ambayo hakuna aliyekusudia kumpa, na amebebeshwa mzigo usio wake.

Hapa kuna jambo la kufanya, tena la haki: katika Sweden na Norway ofisi za umma na hospitali zina wajibu wa kuleta mkalimani, kwa kawaida bila malipo, na Kiswahili hupatikana. Baba anayesema ninataka mkalimani, mtoto asitumike, anarudisha kiti chake mezani kwa sentensi moja.

Na Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa dunia ambayo baba bado anaijua zaidi. Shule za Sweden zinatakiwa kutoa masomo ya lugha ya nyumbani pale wanafunzi wasiopungua watano katika manispaa wanapoiomba na mwalimu anayefaa akapatikana. Watano si wengi. Wazazi wa mji mmoja wakikubaliana kujaza fomu muhula mmoja, darasa linaweza kuwepo. Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wakihesabiwa pamoja huwa wanatosha, ingawa kila kundi peke yake halitoshi.

Baba wa simu

Wale walioko mbali na watoto wao wamebaki na pesa na simu. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na sehemu yake kubwa ni ada, kodi ya nyumba, chakula na dawa. Sikubaliani na wanaoita hiyo ubaba wa pesa kwa dharau. Kwa mtoto anayekwenda shule kwa sababu baba yake halali, pesa hiyo ni malezi. Ila mtoto haioni ikitoka. Anaona shangazi akiitoa kwenye M-Pesa, na shukrani yake huishia kwa shangazi. Wazazi wanaofanikiwa kwa mbali, nijuavyo, ni wale wanaochukua kazi moja ndogo ya kila siku iwe yao: hesabu za jioni kwa video, sura moja ya Kurani, kusomewa kitabu kabla ya kulala. Saa za dunia husumbua, lakini tofauti ya Nairobi na London ni saa mbili au tatu tu.

Na tusiwasahau waliobaki. Kutoka Kenya, Tanzania na Uganda wanaokwenda Saudi Arabia na Oman kufanya kazi za ndani ni wanawake zaidi, na nyuma yao wako waume wanaopika, wanaosuka nywele za binti na kwenda mikutano ya shule. Wanafanya kilekile anachofanya baba wa Stockholm kwenye siku zake 90, bila malipo na mara nyingi bila heshima ya jirani.

Uraia wa mtoto, uamuzi wa baba

Mwisho wa njia hii ni pasipoti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamfanya mtoto wa Mkenya kuwa raia kwa kuzaliwa, iwe mzazi ni baba au mama na azaliwe popote, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Kongo, kwa katiba yake ya mwaka 2006, inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Tanzania nayo hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima: mtoto anaweza kuwa nao wote wawili utotoni, kisha akifikisha miaka 18 lazima achague. Baba aliyechukua uraia wa Sweden ili asitenganishwe na watoto wake ameshapoteza wa Tanzania siku hiyohiyo. Mwaka 2025 Tanzania ilibadili sheria zake za uhamiaji na ardhi ili kuweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo inapunguza usumbufu wa kuingia nchini na inagusa haki za ardhi, lakini haimfanyi mtu kuwa raia wala haimpi kura.

Kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Malmö, Sweden, kwa hiyo, anachagua nchi katika umri ambao wengi wa wenzake wanachagua chuo. Akina baba wengi hulikuta jambo hili likiwa limepita, kwa sababu hakuna barua inayotumwa kukumbusha. Ni vyema liwe limezungumzwa nyumbani kijana akiwa na miaka 15 au 16, cheti chake cha kuzaliwa kikiwa na jina la baba lililoandikwa sawasawa na lilivyo kwenye hati za Tanzania. Majina yakitofautiana herufi moja, kama yanavyotofautiana katika vyeti vingi vya ughaibuni, itabidi kiapo cha mahakama, na kiapo hicho ni rahisi zaidi kukipata wakati baba mwenyewe yuko hai wa kukiapa.